Kibao cha Mwisho wa Reli

Maji ya mpira yanapiga ubavu wa behewa jipya na kumrudia usoni mwanamke anayeliosha, naye hajali. Amevaa buti za mpira na suruali ya kazi iliyokunjwa miguuni. Anasugua dirisha, anarudi nyuma kidogo, analitazama behewa kwa jicho la mtu anayemtazama bibi harusi wa jirani.

"Zuri," anasema. "Ila bado si letu."

Hapa kwenye karakana ya reli wanamwita Mama Vibao. Wageni hudhani ana mkono mwepesi, kumbe ni kwa sababu, mbali na kuosha mabehewa, ndiye anayetunza vibao vya majina vinavyotundikwa ubavuni kuonyesha treni inakwenda wapi. Ameifanya kazi hiyo karibu miaka ishirini.

Vichwa vipya vya treni na mabehewa yake viliwasili mwanzoni mwa mwaka. Karakana nzima ilisimamisha kazi kuvipokea. Fundi wa breki, mtu mzima na ndevu zake, alilia bila kujificha. Kisha ukaja mgawanyo.

Shirika la reli limezigawa treni za abiria katika makundi matatu. La kwanza ni zile zinazojiendesha kwa nauli. La pili ni zile ambazo gharama zake hubebwa na serikali kuu. La tatu ni zile ambazo halmashauri za njiani lazima zichangie, la sivyo hazitembei. Karibu vifaa vyote vipya vimekwenda makundi mawili ya mwanzo.

Treni ya kwao Mama Vibao, inayokwenda mji ambao kila mtu anauita Mwisho wa Reli, iko kundi la tatu. Haijatembea tangu kichwa chake cha zamani kilipozimika njiani, miaka mitano iliyopita, abiria wakamalizia safari juu ya malori.

Huko ndiko aliko mama yake, aliyekuwa mlinzi wa kivuko cha reli hadi alipostaafu. Nyonga imemharibikia. Kwa basi, safari ni kukaa kitako kutwa nzima na usiku juu yake, na daktari amekataa katakata. Treni ilikuwa na kitanda.

"Alinilea kwa kufungua na kufunga lile geti," anasema Mama Vibao. "Namtaka hapa, nyumbani kwangu. Namtamani mpaka naota harufu ya shuka zake."

Binti yake mdogo ana miaka minne na hajawahi kumwona bibi yake. Anaijua sauti tu, ndiyo maana humwita Bibi Simu. Nauli ya basi kwenda na kurudi humeza nusu ya mshahara wa mama mtu, kwa hiyo likizo huishia hapahapa mjini.

Mwezi uliopita mkono ukamponza. Mabehewa mapya huandika jina la kituo kwa taa, hayahitaji kibao. Lakini alipomaliza kuosha moja, alikwenda stoo, akachukua kibao cha Mwisho wa Reli na kukining'iniza kwenye chuma cha mlangoni, aone tu linavyopendeza nacho. Akaitwa upande wa pili. Aliporudi baada ya saa kadhaa, behewa halipo. Lilikuwa limevutwa hadi stesheni kwenda kuonyeshwa wananchi, na kibao chake.

Alikimbia na buti zake zote. Alipofika, watu wanapiga picha, na bwana mmoja mwenye godoro anagombana na mlinzi apande.

Simu yake ikaita. Picha zilikuwa zimeshamfikia mama yake, kule Mwisho wa Reli.

"Mwanangu, wanasema treni imepandishwa kibao chetu. Niko stesheni ya huku, mzigo nimeshafunga. Inafika lini?"

"Nilitamani ardhi inimeze," anasimulia. "Nikamwambia, mama, hakuna treni, ni mimi nimekosea. Akacheka. Akasema, 'Hukukosea, umetangulia tu.'"

Msimamizi wake, bingwa wa kufoka, alimfokea mbele ya watu. Kisha akamwuliza kwa sauti ya chini kama mama amesharudi nyumbani.

Hakuwa amerudi. Alikaa kwenye benchi la stesheni hadi jioni, kwa maelezo yake mwenyewe, "nikinyoosha miguu." Mzigo hajaufungua hadi leo.

Halmashauri tatu ziko kwenye njia hiyo. Mbili zimekubali kuchangia. Ya tatu itakaa mwezi ujao. Ikikubali, mabehewa yaliyobaki karakanani, likiwemo hili analoliosha sasa, yatapelekwa Mwisho wa Reli.

Mama Vibao ameshaomba likizo ya kwenda kumchukua mama yake kwa safari ya kwanza, na kitanda ameshachagua: cha chini, karibu na choo, mama asitembee mbali. Yeye atalala cha juu. Ikikataa? Anainama kunyoosha mpira uliojikunja.

Juzi binti yake alimwuliza kama Bibi Simu ana miguu.

"Nikamwambia anayo, mwanangu," anasema, akifungulia maji tena. "Inasubiri treni."