Viti vya Jirani

Mwaka wa wakfu wetu ulianza Disemba, matokeo ya darasa la nane yalipotoka, ukaisha Novemba, tulipowapelekea wafadhili majina ya watoto tuliowasomesha. Katika miaka ya tisini mimi ndiye niliyekuwa karani wake wa pekee, kwenye chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, Mji wa Kale. Nilikuwa nimeacha shule darasa la saba. Kiingereza cha barua, kupiga taipu na kupanga mafaili nilijifundisha mwenyewe kwa vitabu vya mitumba. Mwenyekiti alipenda kuwaambia wageni, "Huyu hana cheti hata kimoja, lakini karatasi zake hazina kosa." Nami nilipenda kuyasikia.

Fomu ya kuombea karo niliitunga mimi. Karani aliyenitangulia alikuwa akiandika visa virefu vya machozi, na kamati ilikuwa imevichoka. Ukurasa wa pili niliuita "Vilivyoonekana Nyumbani", na juu yake nikapiga taipu kanuni moja: andika unachokiona, usiandike unachodhani. Kabla ya kuzuru nyumba nilituma taarifa siku mbili mbele, kwa kuwa si adabu mwanamume kubisha hodi kwa wanawake bila wao kujua.

Mwaka ninaousema kulikuwa na mjane wa Majengo aliyeuza mahamri na mbaazi asubuhi. Binti yake alikuwa ameitwa kidato cha kwanza katika shule ya bweni. Barua ilisema asipofika na karo kufikia Ijumaa fulani, nafasi yake atapewa mwingine. Taarifa yangu iliwafikia Jumatatu, nami nikafika Jumatano alasiri.

Kilikuwa chumba kimoja cha kupanga. Kitanda kilikuwa kimetolewa nje, ukumbini, na mahali pake pamewekwa makochi mawili yenye vitambaa vya kufuma, zulia, na saa ya ukutani. Niliandaliwa kahawa kwa vikombe vya kaure vyenye ukingo wa dhahabu, na halwa kwenye kisahani. Binti alijibu maswali yangu vizuri kuliko mtoto yeyote niliyemsaili mwaka ule. Nilipomuuliza mamake hali ya maisha, alitabasamu akasema, "Alhamdulillahi, hatulali njaa." Mgeni alikuwa bado ana kikombe mkononi, asingeweza kusema jingine. Mamangu mwenyewe angesema vivyo hivyo. Niliandika: makochi mawili, zulia, saa, vikombe vya kaure vyenye ukingo wa dhahabu. Mzazi anasema hawalali njaa.

Nilimaliza mapema. Ng'ambo ya kichochoro palikuwa na ombi jingine, la mwanamke ambaye mumewe, mpishi wa melini, alikuwa amekwenda zake na hakurudi. Taarifa yake ilisema Alhamisi, lakini sikuona haja ya kurudi Majengo mara mbili. Nikabisha.

Alifungua mlango akacheka kwa haya. "Bwana karani, si ulisema kesho?"

Chumba kilikuwa kitupu. Hakuwa na pa kunikalisha, akanikalisha kwenye mbuzi ya kukunia nazi, magoti yangu yakakaribia kidevu. Kutoka pale chini niliona sakafuni alama nane za miguu ya makochi, saruji ikiwa safi ndani yake na ina vumbi pembeni. Ukutani palikuwa na msumari, na chini yake duara jeupe kuliko ukuta wote.

Nilielewa hapo hapo. Niliandika: mkeka mmoja, mbuzi ya nazi moja, sufuria mbili.

Kamati ilikutana Jumanne iliyofuata. Kwa mtaa ule ilibaki nafasi moja, na maombi yalikuwa hayo mawili. Mwenyekiti aliisoma fomu ya mjane kwa sauti, akipumzika baada ya kila kitu kama mnadi. Alipofika kwenye ukingo wa dhahabu alisema labda sisi ndio tumwombe yeye. Wazee wakacheka mpaka mmoja akavua miwani apanguse macho. Kisha akanigeukia.

"Uliviona kwa macho yako?"

"Niliviona."

"Una la kuongeza?"

Nikasema sina. Nimejipa sababu nyingi tangu siku ile. Ya kweli ni kwamba fomu ile ilikuwa kazi yangu bora, na niliona nikiongeza neno moja la kudhani nitakuwa nimeichafua.

Mjane alipanda ngazi zetu Alhamisi, siku moja kabla ya shule kufunga orodha. Mwenyekiti alikuwepo. Hakumkaribisha kiti.

"Vile viti si vyangu," mama akasema. "Ni vya jirani. Mlitaka nimkalishe karani wenu chini?"

"Basi, bibi, ama ulitudanganya juzi, ama watudanganya leo. Chagua."

Akanitazama mimi. "Mwambie. Wewe ulivuka kwake. Ulikaa kwenye mbuzi."

Nilisema fomu inaandika kilichoonekana. Mwenyekiti akafurahi, akasema ndiyo maana ameniajiri. Halafu akalivuta faili la jirani, akalifungua, akashika kalamu.

"Haya. Kama viti ni vyake, basi yeye ndiye tajiri. Nimfute mwanawe, nimwandike wako. Sema tu."

Nilidhani atasema. Alikuwa na haki ya kusema, na mlangoni binti yake alikuwa amesimama na barua ya shule ndani ya mfuko wa plastiki, isilowe jasho. Mama alikaza leso yake kiunoni, akamshika binti mkono, wakashuka. Mwenyekiti akafunga faili. Aliniambia, waonaje, hata hakubisha.

Ijumaa ikapita. Binti akaenda kuparua samaki kwenye bandari ya wavuvi, Liwatoni. Mtoto wa jirani akaenda shule.

Disemba iliyofuata nilizuru tena waliokuwa wakisomeshwa, kuona kama bado wanastahili. Kwa yule jirani nilituma taarifa siku mbili mbele, kama kawaida. Nilikuta mkeka, mbuzi ya nazi na sufuria mbili. Mtoto wake, aliyerudi likizo, alikuwa kwenye mkeka na kitabu, na hakuinua macho. Jirani naye safari hii hakucheka. Alama nane zilikuwa pale pale sakafuni. Niliandika kilichoonekana, nikatoka.

Ng'ambo ya kichochoro mlango ulikuwa wazi. Kitanda kilikuwa kimetolewa ukumbini. Mjane alisimama kizingitini, na nyuma yake yalikuwa makochi, zulia, na saa ikienda sawasawa.

"Masalkheri, bwana karani. Pita ukae. Kiti wakijua wewe mwenyewe."

Nilikaa. Binti akaniletea kahawa kwa kikombe kile cha ukingo wa dhahabu. Vidole vyake vilikuwa na mikato midogo midogo ya magamba, mingine mibichi, na alikishika kikombe kwa mikono miwili asikivunje, kwa kuwa kilikuwa cha watu.