Maswali ya Ufukweni Sur

Ijumaa tulitandika mkeka ufukweni Sur, mimi na wanangu, tumetoka Ibra tangu asubuhi. Bibi mmoja wa mkeka wa pili hakumwondolea macho binti yangu aliyekuwa akimimina kahawa. Nikauvuta mkoba wangu karibu.

Akahamia kwetu bila kualikwa.

"Shikamoo, bibi," binti akamwamkia.

"Marahaba. Kiswahili kakufundisha nani?"

"Mama."

"Mashaallah! Na kahawa hii? Baba yako kabila gani?"

Hapo nikaelewa kuwa mkoba wangu haukuwa hatarini hata kidogo. Bibi alikuwa akimtafutia mwanawe mke.

"Bado anasoma chuo, Nizwa," nikajibu mimi. "Ana miaka miwili mbele."

"Hatuna haraka, mwanangu. Kisha mnaelekea wapi?"

"Aija, kuutazama mnara wa taa," binti akaropoka.

"Alhamdulillahi! Nyumba yangu iko pale pale. Piteni mle halua, kijana wangu yupo nyumbani leo."

Nikakunja mkeka.

Wenzangu wenye mabinti, pwani ya Sur ni nzuri, nendeni. Wafundisheni watoto kuamkia wakubwa, lakini safari yenu wasiitaje. Mnara wa Aija sisi tuliuona kwa mbali, kwenye kioo cha gari, tukirudi Ibra.