Kabati la Vioo pale Malaba

Watu husema uzee hupooza hasira. Yangu ya Malaba haijapoa tangu miaka ya sabini, na sina haja ipoe.

Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya kupitisha mizigo mpakani mwa Kenya na Uganda. Fomu zote tulizopeleka forodha zilitolewa kwenye stensili moja, ile karatasi ya nta ya kurudufia, nami ndiye niliyeichapa, mstari kwa mstari. Mwenye ofisi aliifungia katika kabati la vioo pamoja na stensili tupu, kisha akatangaza sheria: kuitazama, ruksa kwa wote, kuigusa, yeye na mpwa wake tu. Funguo zilikuwa mbili. Huyo mpwa hakujua hata kuingiza karatasi kwenye taipureta, lakini damu nzito kuliko maji.

Siku moja mpwa akauziba mstari wa wanyama hai kwenye stensili kwa dawa ya kusahihishia, usitokee tena kwenye fomu. "Ng'ombe wanavuka na miguu," aliniambia. "Hiyo laini ni ya bure."

Nikamlalamikia mjomba wake. "Dada, wewe piga chapa," akasema. "Mambo ya kabati wachana nayo." Nikarudi mezani kwangu, na fomu mbovu zikatolewa rundo zima.

Wiki hiyohiyo akaja dereva na lori la makasha ya vifaranga wa siku moja, wa kupeleka Mbale. Alikuwa ameendesha malori ya watu miaka mingi. Huu ndio ulikuwa mzigo wake mwenyewe wa kwanza. Forodha wakamrudisha kwetu: fomu haina mahali pa wanyama, na iliyoongezwa kwa kalamu hawaipokei. Bosi alikuwa Kisumu. Mpwa alikuwa sokoni Angurai, ufunguo mfukoni. Kwa stensili tupu moja ningeichapa fomu upya kwa nusu saa.

"Madam, si unaiona hapo?" dereva akasema, akigonga kioo kwa kucha. "Fungua tu."

"Ufunguo iko na wenyewe, ndugu. Mimi siruhusiwi."

"Na nani alitengeneza hii kitu?"

"Ni mimi."

Alinitazama, akatazama meza yangu, akatoka kwenda kuyanyunyizia makasha maji. Jua la saa saba lilichoma mabati. Kelele za vifaranga ziliingia dirishani, nami nikakaa, mikono mapajani, nikiisoma kazi yangu mwenyewe kupitia kioo. Kufikia saa tisa kelele zilikuwa zimepungua. Saa kumi hazikuwapo.

Mpwa alirudi jioni, ameshiba. Bosi alifika kesho yake, akasikia habari yote, akaniangalia kama mtu aliyepungukiwa akili.

"Sasa dada, si ungevunja tu hiyo kioo?"

Nilimtukana matusi ambayo sitayaandika hapa, nikaacha kazi palepale. Lakini msinipigie makofi. Jiwe la kukandamizia karatasi lilikuwa mezani kwangu mchana kutwa. Dereva aliliona kabla ya kutoka. Nami niliona kwamba ameliona.