Pua Husikia

Maswali yale yana ujinga wake. Unapewa maneno mawili ya Kiingereza yanayohusiana, kisha la tatu, nawe utafute la nne lenye uhusiano uleule. Mengine yanataka kinyume tu: wakisema "hot" unajibu "cold", unasonga mbele. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Gatitu, na nimeyasahihisha mpaka yakanichosha. Sikudhani siku moja ningemfundisha dada yangu mkubwa, yeye aliyenilea tangu mama yetu alipofariki.

Dada alitaka kwenda ng'ambo kutunza wazee. Mtihani wa kwanza wa Kiingereza ulimwangusha. Akianguka tena, wakala aliyemtafutia kazi hiyo angempa mtu mwingine nafasi yake. Basi kila Jumapili akitoka kanisani alikuja kwangu, tukakaa jikoni, yeye akimenya viazi huku mimi nikiuliza.

"Sikio ni la 'hear'. Pua ni ya nini?"

"'Hear'," alijibu, bila hata kuinua kichwa.

"Ati nini?"

"Si pua inasikia harufu? Ama wewe unasikia na goti?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikamweleza kwamba kwa Kiingereza mtu hasikii harufu, kuna neno lake, "smell". Akauliza, na njaa je, wanasikia? Hawasikii. Baridi? Hawasikii. Uchungu?

"Hata uchungu, dada."

"Ngai! Na hao ndio naenda kutunza?"

Hapo nikakasirika. Nilimwambia mtihani hautaki ubishi, unataka jibu. Lakini si ubishi ulionikasirisha. Sikutaka aende, na kila alipopata jibu sahihi niliona ananiponyoka, tena kwa mikono yangu mwenyewe. Hata hivyo niliendelea kuuliza, kwa sababu kazi ile aliitaka kwelikweli, na mtu aliyekulea humnyimi anachokitaka.

Mtihani aliufanyia mjini Nyeri, kwenye kompyuta. Akapita. Alinipigia simu akishangilia hadi nikaiondoa sikioni. Nilifurahi, sisemi uongo. Kisha nikaketi kitandani nikalia, nikanawa uso, nikaenda kusahihisha vitabu vya watoto.

Siku ya kuondoka, gari lilisimama nje ya geti langu, na dereva akawa anapiga honi kama mwendawazimu. Hatukukumbatiana sana, kwetu hatuna mambo hayo. Dada alifunga kitambaa chake vizuri, akabeba mkoba, akasema lile ambalo huku kila mtu husema akitoka nyumbani, hata kama anaenda dukani tu kununua chumvi.

"Haya, nakuja."

Kinyume cha "come" ni "go". Hilo hata watoto wa darasa la kwanza wanalijua.

Sikumsahihisha. Nilimwambia, "Haya, dada," nikafunga geti.