Marita na Maji ya Rangi

Marita alihamia Tunduma kutoka Mbebe akiwa mjane wa miaka thelathini na moja, na kazi pekee aliyoijua ilikuwa kutengeneza batiki. Aliyempa mabeseni ya kuanzia ni Mama Watson, jirani wa bondeni anayelima mboga za chainizi kando ya mfereji. Mwaka wa tatu, wanunuzi walikuwa wakivuka mpaka kutoka Zambia kufuata vitambaa vyake.

Asubuhi moja alimkuta Mama Watson akipanda kilima kutoka kisima cha ng'ambo na ndoo ya maji kichwani, akipumzika kila baada ya hatua chache.

"Mama, mfereji si umejaa?"

"Umejaa, mwanangu. Nanyoosha miguu tu."

Marita hakuridhika. Alishuka bustanini, akakuta mfereji umegeuka zambarau. Ilikuwa rangi aliyoimwaga jana yake. Akaketi kwenye tuta, akalia.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia uache, ungekula nini?"

Siku hiyo Marita alisimamisha kazi. Mwalimu Faith, mteja wake anayefundisha kemia, alimweleza kwamba mkaa wa mabaki ya mazao huweza kunasa rangi. Marita akaagiza magunzi ya mahindi kwa kaka yake Fanueli, kule Igamba. Aliyachoma ndani ya pipa lililofunikwa, akayatwanga, akamimina juu yake maji ya rangi. Yakatoka meusi tii! Kumbe mkaa ulitakiwa kuoshwa kwanza. Akauosha mara tano, akajaribu tena, yakatoka zambarau vilevile.

"Unayaharakisha," Mwalimu alimwambia. "Yaache yakae na mkaa."

Akayaacha siku nzima, akikoroga kila alipopita. Safari hii yalififia yakawa kama chai nyepesi. Akaongeza mkaa, akasubiri tena, mpaka akaona kitako cha ndoo kupitia maji.

Hata hivyo hakuyarudisha mferejini, maana Mwalimu alimwonya kuwa dawa nyingine za rangi hazionekani kwa macho. Alichimba shimo mbali na bustani, akayamwaga humo, na mkaa uliotumika akaufungia kwenye magunia.

Mvua mbili zilitosha kuusafisha mfereji. Marita alirudi kwenye mabeseni yake, na kitambaa cha kwanza, cha bluu, akakishusha bondeni.

"Hiki ni chako, mama."

Mama Watson alikifunga kiunoni palepale, juu ya gauni lenye matope, akaendelea kumwagilia.