Soda za Mgonjwa

Harufu ya maji yanayochemka juu ya kuni bado inanikasirisha. Kila nikiipata narudi Bugarama, bondeni karibu na mpaka wa Kongo, msimu ule wa palizi ya mpunga, Papa alipokaribia kufa kwa kukosa kitu kilichojaa nyumbani kwetu. Joto la Bugarama halina adabu; ukitembea peku mchana, udongo unakuchoma nyayo. Papa alishinda shambani, maji na matope yakimfika magotini, na tangu asubuhi hadi jua kuzama hakunywa tone. Ati maji ni ya ng'ombe na watoto! Mwanamume aliyetoka jasho alistahili sukre, ndivyo tulivyoita soda sisi tuliotoka Kongo, au pombe ya ndizi pamoja na wenzake. Wala hakuwa peke yake. Kwetu, kumwekea mgeni gilasi ya maji matupu ni kumwambia kwamba umefilisika, au kwamba humtaki. Mama alichemsha maji kila asubuhi, akayapoza na kuyatia kwenye kidumu chenye kifuniko, nasi watoto tukayanywa. Mtu mzima hakuyagusa.

Siku moja Papa alirudi kabla ya wakati, amejishika kiuno, uso umemsawijika kwa maumivu. Mkojo wake ulikuwa mweusi kama chai ya rangi. Muuguzi wa kituo cha afya, mwanamke asiyezungusha maneno, alimweleza mbele yetu kwamba ana mawe kwenye figo. Anywe maji kidogo kidogo tangu anapoamka, asingoje kiu, na autazame mkojo wake mpaka ung'ae. Soda na pombe aziache. "Mzee, ukicheza, hii figo itakufa," alisema. Njiani Mama alikuwa karibu kuimba, maana dawa yenyewe ilikuwa inatungoja jikoni, ndani ya kidumu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu wageni walikuja, na mwenyeji akazidi kuugua. Huendi kumwona mgonjwa mikono mitupu. Unambebea sukre, nayo hufunguliwa papo hapo, anywe mkimtazama, ndipo roho zenu zitulie. Walitoka Nyakabuye, walitoka Gikundamvura, wenzake wa mpunga na waumini wa kanisani, kila mmoja na chupa zake, hadi uvungu wa kitanda ukajaa. Mtoto mwingine angefurahi. Mimi nilizichukia zile chupa, kwa sababu maneno ya muuguzi niliyasikia kwa masikio yangu mwenyewe. Kila kizibo kilipofunguliwa niliitazama figo ya Papa ikifa, na watu wazima wote chumbani wanatabasamu.

Aliyewapita wote ni Tantine, dada mkubwa wa Papa, aliyeshuka kutoka mjini Kamembe na kreti nzima. Alimkuta Mama anamnywesha Papa maji. Akaweka mikono kiunoni.

"Maman Furaha, huyu muntu ni mugonjwa, unamupatia mayi matupu kama mufungwa? Bantu batasema nini?"

Furaha ni mimi. Mama alimweleza taratibu aliyoyasema muuguzi, wala Tantine hakungoja amalize. "Ule muuguzi hamujue ndugu yangu. Nguvu imemuisha, anahitaji sukari." Na Papa je? Papa, ambaye neno lake moja lingemaliza ubishi, alinyoosha mkono akapokea chupa. Nilichukua ile gilasi ya maji nikamsogezea. Aliisukuma kwa mgongo wa mkono. "Furaha, usinipatishe aibu mbele ya bageni." Nililia kwa hasira, nikafukuzwa nje.

Kesho yake Mama alificha soda zote, akawapokea wageni kwa maji ya kidumu, kila mtu na gilasi yake. Jamani! Kabla hawajafika makwao, habari ilikuwa imeshafika: yule mwanamke anamuua mume wake kwa uchoyo, soda za mgonjwa anazinywa mwenyewe. Mama aliendelea kuchemsha maji yake. Lakini Papa aliona jina lake linachafuliwa, akaamuru chupa zirudi mezani. Sikio la kufa halisikii dawa. Homa ikampanda, akatetemeka chini ya mablanketi katika joto lile, tukavuka naye mpaka wa Kongo hadi hospitali ya Bukavu. Huko walimtoa figo moja.

Na anayetaka kucheka na acheke: aliporudi amekonda, ukoo ulimpokea kwa kreti za soda. Tantine alimkumbatia akalia machozi ya kweli. Alimpenda ndugu yake kuliko nafsi yake, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Angekuwa adui ningejua la kumfanya.

Sasa nafanya kazi Kamembe. Maji ya chupa yamejaa kila duka, madereva wa pikipiki wanatembea nayo, harusini yanapangwa mezani, na hakuna anayeona haya kuyanywa, kwa kuwa yana kibandiko na kila mtu anajua yalinunuliwa. Yale ya kuchemsha jikoni yamebaki kuwa ya maskini. Papa amezeeka na figo yake moja, na sasa hahitaji kuhubiriwa. Akiamka anaomba maji, mchana anaomba, jioni anaomba. Jumapili iliyopita nilikwenda kumsalimu, nikamjazia gilasi ya maji ya kidumu nikampelekea sebuleni. Barabarani watu walikuwa wanatoka kanisani. Alinyoosha mkono, halafu akaurudisha.

"Furaha mwanangu," akasema, "funga mulango kwanza."