Shenete Yenye Kanyumba

Ukishika kufuli muda mrefu jua likiwa kali, kiganja chako kinabaki na harufu fulani. Si harufu nzuri, sitawadanganya. Inafanana na sarafu ya zamani iliyolowa jasho, ina uchachu kidogo, na haitoki hata ukinawa kwa sabuni. Mimi huipata ninapofunga mlango wa jikoni, na nikiipata huwa nasimama palepale kama mtu aliyesahau alichokuwa anatafuta. Wanangu wamenizoea. “Mama ameenda tena,” wanaambiana, ingawa wanajua vizuri kwamba mama yao haendi popote.

Kweli siendi popote. Hapa Baraka, mji wetu wa Kongo, kuna watu waliofika Uvira, Kalemie, hata ng’ambo Kigoma. Mimi nilipanda Fizi-Centre kufanya mtihani wa kumaliza sekondari, na nyumbani nilianza kupakumbuka kabla gari halijamaliza kupanda mlima. Nimezaliwa kando ya ziwa na sijui kuogelea. Mnaoweza kucheka, chekeni sasa, tuendelee.

Nilikuwa hivyo tangu mdogo. Wenzangu walishinda majini wakirukaruka kama ndakala, wale dagaa wa ziwani. Mimi nilishinda chini ya meza ya Baba. Baba alikuwa fundi wa nguo, mashine yake ikikaa barazani, na chini yake vipande vya vitambaa vilirundikana hadi vikawa kitanda. Nililala humo nikitazama miguu yake ikikanyaga, na sauti ya mashine ikipita juu yangu kama mvua inayosita na kuanza tena. Mtaani wakanipa jina la Figa, kwa sababu mafiga hukaa pale yalipowekwa. Sikukasirika. Figa halinyeshewi, lina joto, na chakula huivia juu yake.

Mama yetu alifariki kabla sijajua kutamka jina lake. Dada yangu mkubwa, Yaya Riziki, alimjua: aliogeshwa naye, alisukwa naye, alichapwa naye. Yaya alipoanza, “Mama alikuwa...” mimi nilinyamaza kama mgeni aliyekuta watu wakizungumza mambo ya familia. Kwangu mama alikuwa kama Kinshasa. Nilisikia kwamba ipo, sikuwa na sababu ya kubisha.

Picha yake ilikuwa moja tu. Amesimama na wanakwaya wenzake mbele ya kanisa, amevaa kikwembe cha maua. Baba aliihifadhi ndani ya Biblia, na sisi tulikatazwa kuigusa, kwani mikono yetu ilikuwa na mawese tangu Jumatatu hadi Jumapili. Niliiona kwa mbali, juu ya bega la Baba, sura ndogo kama punje ya haragwe.

Basi Yaya akaposwa na kijana wa Kilembwe, kule ndani milimani, mkulima mwenye meno mazuri na maneno machache. Mtaani kwetu, binti akitoka, mashangazi wanaleta sufuria, mikeka na vikwembe, na mwisho kabisa mama mzazi anampa kitu kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya wote. Mashangazi wakaanza kubishana ni nani atasimama mahali pa mama. Baba aliwasikiliza, pini zikiwa mdomoni, kisha akazitoa moja moja.

“Mama yake mwenyewe njo atamupa,” akasema.

Wakamtazama kama mtu aliyeanza homa.

Asubuhi iliyofuata alinitoa chini ya meza na kunipeleka sokoni, jambo ambalo nililipinga kwa miguu yote miwili. Mama Sifa aliuza hereni, bangili na mikufu juu ya sinia kubwa, bidhaa za kutoka Uvira. Mikufu tuliiita shenete. Ile ambayo Baba aliitaka ilining’iniza kikasha kidogo cha kufunguka, cha kuwekea picha, na Mama Sifa aliiita shenete yenye kanyumba. Neno hilo likanifanya niache kulia. Nyumba ya kuvaa shingoni! Kumbe mtu anaweza kutembea na bado akawa nyumbani.

Baba akatoa picha mfukoni, imebanwa kati ya vipande viwili vya katoni.

“Baba Riziki!” Mama Sifa akacheka. “Bengine banakuja hapa na shingo, weye unanikujia na sura!”

“Sura njo itaingia mule. Shingo itakuja nyuma.”

Mimi nilikuwa nimeshachagua. Kulikuwa na kanyumba ka umbo la moyo, kenye jiwe jekundu katikati, zuri hadi mate yalinijaa. Baba akakaweka juu ya picha, akafumba jicho moja kama anapopima kola.

“Hapana. Kidevu inapona, lakini masikio inakufa.”

“Masikio ya nini tena?” Mama Sifa akauliza. “Atasikia nini mule ndani?”

“Atamusikia Riziki,” Baba akajibu.

Mama Sifa hakucheka tena. Alipekua sinia akatoa kingine, cha umbo la yai, rangi ya dhahabu, hakina jiwe wala ua, kimenyooka tu kama uso wa mhasibu. Kilifunga kwa mlio mdogo, ka! Masikio yote mawili yalienea. Wakati wananong’onezana jinsi ya kukitunza, mimi sikusikiliza. Nilikuwa nauaga ule moyo mwekundu.

Nyumbani Baba akachukua mkasi. Mtu huyu alikata suti za watu wakubwa huku akipiga soga, lakini mbele ya kile kipicha alikaa mpaka chai yake ikafanya utando. Mtaniuliza kwa nini hakukipiga tena kwa simu. Simu zenye macho zilikuwa hazijafika mtaani kwetu. Hatimaye mkasi ukazunguka, polepole, na sura ya Mama ikabaki juu ya kidole chake kama kipepeo. Akaipuliza kidogo, akaiweka ndani.

Hapo ndipo maisha yangu yalipopata kazi. Yaya hakutakiwa kuiona shenete kabla ya siku yake, na siku yenyewe ilikuwa haijulikani, kwa sababu mvua ilikuwa imeanza na barabara ya Kilembwe imekuwa uji. Mbuzi wa mali, yaani wa mahari, walikwama huko pamoja na wenyewe. Baba akaniita.

“Figa, chuma ya namna hii ukiifungia ndani ya sanduku, inakufa. Inageuka nyeusi. Inataka ngozi ya mutu.” Akanitazama juu hadi chini. “Inataka mutoto asiyeenda ziwani, asiyepanda miti, asiyepigana.”

Nilitazama nyuma yangu kuona anamsema nani. Ndugu zangu, ilikuwa mara ya kwanza uvivu wangu kuitwa sifa. Nilivimba kama andazi. Akanivalisha, akaficha kanyumba chini ya gauni, na kile chuma baridi kikanigusa kifuani nikashtuka kama niliyeitwa.

Kila mchana, Yaya akiwa ameenda kuchota maji, Baba aliita kutoka juu ya mashine: “Leta ripoti!” Nilipaswa kufungua na kuangalia kama unyevu umeingia. Nami nilikuwa mkaguzi mkali.

“Iko muzuri, Baba.”

“Muzuri namna gani? Anza na nyusi.”

“Nyusi mbili. Zinataka kugusana, lakini zinaona haya.”

“Kovu?”

“Iko. Pembeni ya jicho, huku.”

“Ile alianguka kwenye kinu, mutoto. Midomo?”

“Imefunga. Lakini inataka kucheka.”

“Ah,” Baba alisema, na mashine ikaanza tena. “Alikuwa hivyo hivyo. Hata kanisani.”

Siku nyingine aliuliza masikio, siku nyingine jinsi nywele zilivyoanzia juu ya paji. Nilidhani ndivyo vyuma vinavyotunzwa. Mvua ilinyesha, mwanga ulipenya kwenye vitambaa vilivyoning’inia ukaingia chini ya meza mwekundu, kisha wa bluu, kisha wa njano kama mawese, na mimi nikiwa nimelala katikati ya rangi hizo na mama yangu wazi juu ya kifua. Nilimweleza mambo. Nilimwonyesha mjusi. Baada ya muda sikuhitaji kufungua: nilimwona ndani ya beseni la maji, katika moshi wa sufuria ya sombe, katika maharagwe niliyokuwa nachambua. Nikaanza hata kukunja midomo kama yeye, Yaya akaniuliza kama meno yananiuma.

Kisha mvua ikaacha. Sijawahi kulichukia jua kama siku zile. Habari ikaja kwamba wa Kilembwe wako njiani na mbuzi wao, na nyumba ikajaa mashangazi, makaa na vicheko. Mimi nilijisukuma hadi kona ya mwisho chini ya meza, nikashika kanyumba kwa mikono miwili.

Baba akainama. Kilionekana kichwa chake tu, kichwa chini, kama popo.

“Figa, toka. Banakungoja.”

“Akienda Kilembwe, atarudi?”

Hakuniuliza ni nani. Alikaa chini kwenye saruji, mtu mzima na shati lake jipya la harusi, mguu mmoja ndani ya vitambaa vyangu.

“Riziki anaenda pa watu hajui,” akasema. “Kule hakuna atakayemwambia amefanana na nani. Weye utabaki na miye. Sitakulazimisha. Ukikataa, nitamupa kikwembe.”

Laiti angenilazimisha! Ningepiga kelele, ningeng’ata mtu, ningeburutwa, nikawa na haki ya kulaumu dunia nzima. Aliniachia mlango wazi, na mimi, mtu wa kutotoka, nikatoka.

Uani mashangazi walikuwa wamepanga duara, Yaya ameketi kwenye mkeka katikati, kichwa chini kama inavyotakiwa. Nilitembea kwake nikiona vikwembe tu, pande zote. Nikavua shenete, nikamvalisha. Vidole vyangu vilishindwa na kindoano, Yaya akanisaidia kwa mkono wake bila kuinua kichwa.

“Iko moto,” akanong’ona, ameshtuka. Ilikuwa imetoka kwenye mwili wangu muda huo huo. Akafungua. Ka!

Alilia kilio ambacho sijakisikia tena kwa mtu mzima, na mashangazi wakapiga vigelegele kukifunika. Baadaye, wakinibadilisha gauni, wakaona doa la kijani kifuani pangu, la umbo la yai.

“Jamani, Figa imeota kutu!” shangazi mmoja akapaza sauti, na nyumba nzima ikacheka. Nilikataa kuoshwa pale. Nilioga kwa kuzungukazunguka lile doa lenye harufu ya sarafu ya zamani, hadi likaondoka lenyewe siku ambayo sikuiona.

Mengine niliyaelewa nikiwa mama wa watoto, na niliyaelewa sokoni, mahali nisipopapenda. Binti wa jirani alikuwa anabatizwa nami nikataka kumpa shenete yenye kanyumba. Mama Sifa, sasa amezeeka, bado yuko na sinia lake. Nikajifanya mjuzi. Nikamwambia nitaivaa mwenyewe kwanza, maana chuma kikikaa bila ngozi kinakufa.

“Nani alikudanganya?” akasema. “Jasho njo inaua! Inatoa dhahabu, inaingia mupaka ndani, inakula foto. Unaifunga na pamba, unaiweka pakavu. Hata baba yako nilimuambia hivyo, naye alikuwa fundi, alinisikia vizuri.”

Nilisimama pale, sinia likimetameta, watu wakinisukuma na vikapu vya samaki.

Nilirudi nyumbani nikamkuta Baba barazani. Siku hizi anashona viraka tu. Nikamwambia alichosema Mama Sifa. Akakata uzi kwa meno, akaugeuzageuza.

“Vyuma vya zamani,” akasema, “vilikuwa na tabia yavyo.” Na hakuinua macho.

Juzijuzi simu ikalia. Ni Yaya Riziki, amepanda kilima kutafuta mtandao, nikisikia upepo wa Kilembwe ukimpiga. Tulisalimiana, tukahesabu wagonjwa na wazima.

“Mudogo wangu,” akasema, “foto ya Mama imekuwa nyeupe. Imebaki karatasi tu. Mutoto wangu ananiuliza koko yake, bibi yake, alifanana namna gani, na miye nikifunga macho naona mugongo tu, anapika. Naona mikono. Sura imenikimbia. Miye niliyekaa naye!” Sauti yake ikakatika, si kwa mtandao. “We unakumbuka kitu?”

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Baba alikuwa ameacha mashine.

Nikamwambia nyusi zake zilitaka kugusana, lakini ziliona haya. Nikamwambia kovu lipo upande gani wa jicho, na alilipataje. Nikamwambia sikio moja lilisimama zaidi ya lingine, nywele zilianzia juu zikaacha paji pana, na midomo ilikaa kama ya mtu anayezuia kicheko kanisani. Mimi ambaye sikumjua nilisema yote bila kusita, kama mtu anayeelezea nyumba anamoishi.



“Sema tena,” Yaya akasema. “Polepole. Mutoto anasikia.”

Nikaanza tena na nyusi.